Picha ya Saa Nne na Nusu

"Sijasema wewe ni mwizi," wifi yake alisema, viwiko vyote viwili juu ya ukingo wa dirisha la jiko. "Nimesema mwanangu anarudi nyumbani na njaa, na simu yako inasema ameshiba. Mmoja kati ya hao wawili ananidanganya. Na mtoto nimemzaa mwenyewe, namjua."

"Unachokiona kwenye picha ndicho kilicho kwenye sufuria," mpishi alijibu bila kuacha kukata vitunguu. "Ingia ufunue uone."

"Nimekuja kugombana, sikuja kufunua masufuria."

"Basi gombana haraka, nina watoto mia tatu na themanini wa kulisha."

"Kuwalisha au kuwapiga picha?"

Msaidizi wa jiko, mama mmoja mpana waliyemwita Ndoo Mbili kwa sababu hakuonekana hata siku moja akibeba moja, aligeuza uso ukutani ili asionekane akicheka.

Mpishi aliweka kisu chini. Yule alikuwa mke wa kaka yake, wamegombana miaka kumi na miwili, tangu mahari ilipojadiliwa, na kila mmoja alijua mwenzake anaumia wapi. Hapa alikuwa ameguswa penyewe.

"Wifi, usinizingue. Ile picha siichakachui. Sikopi ya mtu. Nachota humu humu, napiga, basi."

"Na hiyo sahani ukishaipiga picha anakula nani?"

"Mtoto yeyote aliye karibu na dirisha."

"Yeyote!" Wifi aliinua viwiko vyake, akajifuta masizi. "Unajua watoto wana foleni ya hiyo sahani yako? Hujui. Muulize mwanangu. Mimi naenda kufua mashuka ya watu, nishachelewa."

Akaondoka akipita katikati ya uwanja kana kwamba shule ni yake.

Mpishi alikuwa ameanza kupiga picha miaka miwili nyuma, kwa simu aliyoinunua kwa mtu, kioo cha kamera kikiwa na mchubuko pembeni. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya vitunguu vilivyomenywa, vikielea kwenye beseni la maji. Aliiweka mtandaoni kwa sababu aliiona nzuri, basi. Watu arobaini waliipenda. Maishani mwake hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno zuri kuhusu vitunguu. Kuhusu vitunguu watu humwambia mpishi kwamba vimezidi au vimepungua.

Akajifunza. Aligundua kuwa jiko lile jeusi lina dirisha moja tu la maana, la mashariki, na kwamba saa nne na nusu mwanga huingia pale umelala, ukapita kwenye mvuke, na chochote kilicho mezani kikapata uhai. Alijifunza kupanga wali nyuma na mboga mbele, kumwagia maharage upande mmoja ili mchuzi usifunike kila kitu, na kufuta ukingo wa sahani kwa kitambaa chenye unyevu. Alikuwa na sahani yake moja ya buluu kwa kazi hiyo. Kila picha aliipa jina: "Jumatatu Imeamka," "Maharage Baada ya Mvua." Bando alijinunulia mwenyewe. Wafuasi walifika elfu tatu, wengine wa mbali asikokujua, wakimwandikia kwamba ana jicho. Shuleni wakaanza kumwita Mama Picha.

Kisha shirika la wafadhili, lile linaloleta mchele na maharage, likaugundua ukurasa wake. Zamani ofisa wao alikuja kila mwezi na daftari. Alikuwa mtu wa maswali mengi, lakini alichovya kijiko mwenyewe. Mafuta ya gari yalipopanda bei, ofisa hakuja tena. Ilikuja barua. Kwa kuwa chakula cha wanafunzi kinaonekana kila siku mtandaoni, ilisema, ziara za ukaguzi hazina ulazima. Mwalimu mkuu aliibandika kwenye ubao wa matangazo.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Ndoo Mbili alisema siku ile.

Mwaka huo magunia ya stoo yakaanza kuisha kabla ya mwezi.

Saa nne na dakika ishirini mwalimu mkuu alisimama mlangoni mwa jiko, viatu nje, kichwa ndani. Hakuwa mtu mbaya. Suruali zake mbili zilijulikana na shule nzima.

"Mama Picha, leo utujalie. Wafadhili wana kikao cha mgao wa muhula ujao, saa saba. Watafungua ukurasa wako pale pale kikaoni."

"Mwalimu, mchele wa leo ni nusu ya ule wa mwaka jana, na watoto wameongezeka."

"Najua."

"Nusu nyingine inakwenda wapi?"

Mwalimu mkuu alitazama nyuma, kisha akaingiza na viatu. "Inauzwa. Unataka nikufiche? Bili ya maji imepanda mara mbili. Mlinzi ana watoto. Chaki haziletwi na mtu. Nikiandika kuomba pesa ya maji, wanajibu kwamba fungu lao ni la chakula tu. Sasa niambie wewe uliyesomea upishi, maharage yanapikwa bila maji?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Niwaambie, waseme tumeshindwa, wapeleke magunia shule nyingine. Wafadhili hawapendi kilio, Mama Picha, wanapenda shukrani. Piga picha yako. Kizuri chajiuza." Alikwisha kugeuka, akarudi nusu hatua. "Ukurasa ni wako, sikatai. Lakini jiko ni la shule. Tuelewane."

Kengele ya mapumziko ililia. Mwanga ulikuwa umefika.

Mpishi alichota. Maharage yalikuwa yameiva na bado mazito, mchuzi umeshikamana. Alipanga, akafuta ukingo, akapiga ishirini na moja, akachagua moja. Ilikuwa nzuri. Hata na maneno ya wifi kifuani, ilikuwa nzuri, na moyo wake uliruka kama kawaida bila kumwomba ruhusa.

Watoto walikuwa wamejaa dirishani. Siku zote walijaa. Alidhani wanapenda kuona picha ikipigwa. Aliwahi hata kuwaeleza habari za kivuli na mwanga, wakatikisa vichwa vizuri. Alimpa sahani aliyekuwa mbele, msichana mrefu wa darasa la sita. Lakini safari hii hakurudi kwenye sufuria. Alisimama akatazama.

Hakuna aliyesukuma. Watoto waliokuwa tayari kupigania kipande cha chaki walimwachia yule msichana nafasi, wakamtazama akila kijiko kwa kijiko.

Nyuma yao alimwona mtoto wa kaka yake, wa darasa la tatu, soksi moja juu na moja chini.

"Wewe, njoo hapa. Nani amemweka yule mbele?"

"Ni zamu yake, Shangazi."

"Zamu kapanga nani?"

"Dada mkuu wa darasa la saba. Ana daftari."

"Na yako lini?"

"Nimehesabu," mtoto alisema kwa uchangamfu wa anayejua hesabu. "Nikiwa darasa la tano. Labda wengine wahame."

Mpishi aliinama hadi usawa wa uso wake. "Mbona hamkuniambia?"

"Tuliogopa ungeacha kupiga picha."

Kengele ikalia tena, uwanja ukabaki mtupu. Nyuma yake Ndoo Mbili aliinua ndoo ya kwanza, akamimina kwenye maharage. Kisha ya pili. Ndivyo walivyofanya kila siku tangu magunia yapungue, wala haikuwa siri. Bila ndoo mbili sufuria isingefika hata darasa la nne. Mpishi alikuwa amelitazama jambo hilo miezi saba. Leo aliona maharage yakizama na mchuzi kugeuka rangi ya maji ya kuoshea miguu, na akaelewa kwamba hakuwa amemdanganya wifi yake hata neno moja. Alichopiga picha kilikuwa cha kweli. Kilikuwa cha kweli kwa dakika kumi na tano.

"Umeshaiweka?" Ndoo Mbili aliuliza.

"Bado. Natafuta jina."

Saa sita simu ilitetemeka kwenye mfuko wa aproni. Mwalimu mkuu: *Bado?* Aliirudisha mfukoni. Foleni ilikuwa imeanza, darasa la kwanza mbele, kila mtoto na sahani yake ya plastiki iliyopauka. Upawa mmoja wa maharage, kijiko kimoja cha wali, kilichokwanguliwa juu kwa kisu kiwe bapa. Mboga ziliishia darasa la pili.

Simu ikatetemeka tena. *Mama Picha, kikao kimesogezwa mbele. Weka sasa hivi.*

Alimhudumia mtoto wa kwanza wa darasa la tatu. Wa pili. Wa tano alikuwa na soksi moja juu na moja chini.

Mpishi alichota, akamimina. Kupitia mchuzi ule maharage yalihesabika, na aliyahesabu: kumi na moja. Mtoto alinyoosha mikono kuchukua sahani yake.

"Iache hapo," mpishi alisema. "Mezani."

Mwanga wa saa sita ulikuwa mbaya. Ulishuka moja kwa moja kutoka kwenye tundu la bati, ukakata sahani katikati, na kivuli cha mkono wake mwenyewe kikaangukia wali. Ukingo ulikuwa na matone. Mkono ulikwenda kwenye kitambaa kwa mazoea, akaurudisha. Alipiga moja tu. Kidole gumba cha mtoto kilikuwa kimeingia pembeni, akakiacha.

Aliandika amesimama, foleni ikimngoja: *Sahani ya darasa la tatu, leo, saa sita na robo. Zile mlizokuwa mkiziona hupigwa saa nne na nusu, kabla hatujaongeza ndoo mbili za maji. Nusu ya mchele inauzwa kulipia maji, kwa sababu maji hamtoi. Njooni mchovye kijiko.*

Akasoma mara moja. Akabonyeza.

Mtandao ulikuwa mzito. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, Ndoo Mbili akasogea kuchungulia juu ya bega lake.

"Hii mbona mbaya?"

"Ndiyo."

"Mwenzangu, watakufukuza."

"Huenda."

"Na wakikata magunia yote je? Hilo umelifikiria?"

Kiduara kilisimama, picha ikatokea ukurasani. Ng'ambo ya uwanja mlango wa ofisi ulifunguliwa kwa kishindo, na mwalimu mkuu akatoka akitembea haraka, simu mkononi.

Mpishi alimpa mtoto sahani yake, akaokota upawa.

"Anayefuata," alisema.