Sifuri ya Kapteni Milud

Kapteni Milud alijifunza urubani jeshini, enzi za wakufunzi wa Kirusi, na kila rubani Libya alijua sharti lake: ndege ikigusa ardhi, mshale wa kimo usome sifuri. Sisi wengine tulipima kutoka usawa wa bahari, kama kampuni ilivyoagiza. Uwanja wa Sabha umeinuka karibu futi elfu moja na mia nne juu ya bahari, kwa hiyo kipimo chake na changu vilipishana kwa kiasi hicho.

"Bahari iko Tripoli, Tahir," alinicheka. "Mimi natua Sabha. Samaki wananihusu nini?"

Nilicheka naye, maana wiki ile ndiye aliyekuwa ananipima. Neno lake moja lingenitoa kiti cha kulia, cha msaidizi, niwe kapteni. Miaka yote nilikuwa nalisubiri neno hilo.

Tulikuta Sabha imefunikwa na vumbi la gibli, upepo wa joto wa jangwani. Mwongoza ndege akatupa kipimo cha hewa cha usawa wa bahari, akakitaja hivyo waziwazi. Milud alizoea kuomba cha uwanja. Siku hiyo hakuomba, wala hakusikiliza. Alizungusha kitufe tu, akakiweka kana kwamba ni cha uwanja, akaanza kushuka akiamini amebakiwa na hewa tele chini yake.

Nikatazama mshale wake, nikatazama wangu. Ilikuwa sawasawa.

"Kapteni, vipimo vyetu vinasoma sawa!"

"Si ndiyo vizuri? Leo tumepatana."

"Havijawahi kupatana hapa! Umeweka cha bahari! Tuko chini mno, paa!"

"Wewe mtoto, usinipigie kelele ndani ya ndege yangu."

Vumbi likapasuka. Mitende ilikuwa chini ya bawa, karibu mno, makuti yake yakiyumba. Sikuomba ruhusa. Nilisukuma injini hadi mwisho, nikavuta usukani kwa mikono miwili, naye akinitukana mimi na marehemu baba yangu. Tulipanda.

Mara ya pili nilimsomea kimo mimi, hadi magurudumu yakagusa.

Abiria waliposhuka, mzee mmoja alimbusu Milud kichwani. "Mungu akuhifadhi, mwanangu, umetuokoa." Milud akaweka mkono kifuani, akapokea. Nilisimama nyuma yake na shati lililolowa jasho, nikingoja walau anitupie jicho. Hata hilo alininyima.

Kwa mkuu wa marubani alisema mbele yangu, "Tahir ni kijana mzuri, ila vumbi lilimchanganya, akaninyang'anya usukani. Hajaiva." Nilieleza yote. Mkuu, aliyefundishwa na Milud, akanimiminia chai akaniambia niwaheshimu wakubwa.

Sijasamehe, wala sitafuti kusamehe. Bado niko kiti cha kulia. Milud ameacha kuruka; sasa anawafundisha makapteni wapya kusoma kimo.