Bi Mkasi Arudi Kiwandani

Habari zilipofika kwamba wakaguzi wangekuja baada ya likizo, mratibu wa chuo cha ufundi alianza kupitia mafaili ya walimu. Seremala alikuwa sawa. Fundi umeme naye sawa, ila cheti chake kilikuwa na doa la chai. Alipofika kwa mwalimu wa ushonaji, akashika tama. Cheti kilikuwepo, tena cha daraja la juu. Lakini kanuni ilitaka kila mwalimu awe ameifanya kazi yenyewe miaka ya karibuni, na huyu mara ya mwisho kukaa kiwandani alikuwa na mimba ya mwanawe wa kwanza. Mwana huyo sasa ndiye mume wa mratibu.

Wanafunzi walimwita Bi Mkasi, maana mkasi haukumtoka shingoni. Mratibu alimwita Mama, na tangu aolewe hakuwahi kumpandishia sauti. Angeanzaje kumwambia kwamba ujuzi wake umepitwa na wakati? Alimwomba mumewe aseme yeye. Mume akacheka, akasema hayo ni mambo ya kazini, asimtie humo. Mwishowe alimfuata jikoni, akamweleza yote, na kwamba ingebidi akae kiwandani likizo nzima, huku akiitazama tu sufuria aliyokuwa akiiosha mkwewe.

Bi Mkasi hakufoka. Alifuta mikono, akauliza kama kuna msichana wake hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Mratibu akasema hapana. Bi Mkasi akaingia chumbani, na tangu hapo yakabaki maneno ya salamu tu.

Likizo ilipoanza, asubuhi mratibu alimkuta mlangoni amevaa viatu vya kutembelea.

"Kiwanda chenyewe kiko wapi?" aliuliza.

Huko walimkalisha kwenye cherehani ya umeme. Aliigusa kidogo tu kwa mguu, ikaondoka kama imetumwa, mshono ukaenda upogo hadi nje ya kitambaa. Wasichana wa mashine za jirani waliinamisha vichwa kuficha kicheko. Msimamizi, kwa upole, akamhamishia kwenye meza ya kukata nyuzi.

Jioni alirudi akasema haendi tena. "Nimefundisha nusu ya mji huu kushona, mwanangu. Leo nimekatishwa nyuzi kama mtoto."

Mratibu hakumsihi. Alimletea maji ya moto, akakaa chini akimkanda miguu, na akamsimulia jinsi alivyoanza kazi ya ofisi bila kujua hata kuwasha kompyuta, akawa anajifungia chooni kulia. Bi Mkasi alimtazama sana. Hilo hakuwa amelijua. Kulipokucha, akaenda.

Alikata nyuzi, na kila mapumziko akaomba kuijaribu mashine. Likizo ilipokaribia kwisha alikuwa anashona kola, kola tupu, kutwa nzima.

Barua ya kiwanda ya kuthibitisha mafunzo yake ilipokuja, msimamizi alikuwa ameandika ukweli mtupu: muda mwingi mwalimu alikata nyuzi. Mkuu wa chuo alitaka aombwe aiandike upya. Mratibu naye moyo ulimwenda huko, ila akaona kwanza amuulize mwenyewe.

"Iacheni," alisema Bi Mkasi. "Nilizikata kweli."

Mkaguzi, bwana mmoja mpole mwenye miwani minene, aliisoma barua, akamuuliza Bi Mkasi amejifunza nini.

"Wasichana wangu nawafundisha kushona shati zima," Bi Mkasi alijibu. "Kule hakuna anayeshona shati zima. Huyu kola, yule mikono, mwingine vifungo. Wangu wakifika wanapotea, kama nilivyopotea mimi. Nilikuwa sijui."

Mkaguzi aliandika kitambo. Alimpitisha, kwa sharti kwamba kila mwaka arudi kiwandani, na chuo kitafute mashine ya umeme. Mkuu alikunja uso. Bi Mkasi hakuingojea mashine. Alizipanga meza za darasa mstari mmoja, kila msichana na kipande chake. Shati la kwanza likatoka mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe. Darasa likacheka, naye akacheka, kisha akawaambia walifumue.

Mratibu alikuwa anapita dirishani. Bi Mkasi akamwita.

"Ingia, mwanangu. Tumepungukiwa na mtu wa vifungo."