Koti la Kukamulia

Siku baba alipofariki, ng'ombe hawakukamuliwa mpaka saa sita mchana. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja ndani ya nyumba, wote tunalia, na hakuna aliyekumbuka banda. Nilimsikia ng'ombe wetu Maringo akilia kwa maumivu ya kiwele kilichojaa, nikatoka na ndoo.

Siku ya tatu shangazi, kwa nia njema, alifua nguo zote za marehemu, pamoja na koti la kukamulia. Baba hakuwahi kulifua. Maringo alikuwa haachii maziwa mpaka alinuse koti hilo. Nililivaa likinukia sabuni. Akageuza shingo, akanusa, akaipiga ndoo teke. Kutoka lita tisa tukashuka hadi mbili.

"Si lilikuwa chafu tu, mwanangu?" shangazi aliuliza.

Nikaokota ndoo, nikaenda kuiosha.

Wiki iliyofuata kaka yangu alikuja na daktari wa mifugo na kisanduku cha barafu. Anafanya kazi maabarani, wanakokuza nyama ndani ya matangi kutokana na chembe za mwili wa ng'ombe aliye hai.

"Uza ng'ombe wote wanne," alisema. "Nichukue kipande cha nyama kwa Maringo, kama punje ya mahindi tu. Nyama tutapata bila kisu."

"Na baba aliyehangaika nao miaka thelathini?"

"Baba yupi? Yule aliyekuwa akijifungia chumbani kila mchinjaji akija? Alikuwa anaziba masikio kwa mto, mdogo wangu. Mimi natafuta nyama isiyomfungia mtu chumbani."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli.

"Umeme ukikatika?"

"Kuna jenereta."

"Maringo hahitaji jenereta."

"Maringo ana lita mbili. Hata jenereta inamcheka."

Nusura nicheke na mimi, na hilo likaniudhi zaidi.

"Hicho kipande kinadumu milele?"

"Hapana. Chembe huchoka. Tunachukua kingine."

"Kwa nani?"

"Kwa ng'ombe, kwa nani tena?"

"Anayefugwa na nani, kama nimeshauza wote?"

Alifungua kisanduku, akakifunga. Joto la matangi yake analijua kwa kichwa, ila swali la banda hakuwa amejiuliza. Kwake siku zote kuna mtu mwingine wa kuzoa samadi. Alikuwa baba. Sasa, bila kuulizwa, ni mimi.

"Basi huyu abaki," alisema hatimaye, kana kwamba ananipa zawadi.

Nilitaka kumpigia kelele. Nikaenda kumshika Maringo kichwa, daktari wa mifugo akamtia ganzi shingoni na kuchukua kile kipande. Hakurusha teke.

Ng'ombe watatu wameuzwa. Maringo anatoa lita tatu. Kila baada ya miezi minne kaka huja na daktari na kisanduku, na mimi ndiye ninayeshika kichwa. Koti silifui.