Chupa ya Mchana na Chupa ya Usiku

Noémie, mke wa Kalenga fundi wa reli, hakuwahi kuiona bahari. Lakini mwaka 1953, hapo Kamina, alihesabu viumbe vyake kwa siku nyingi. Mwalimu Constant, Mbelgiji mzee, alimwajiri aoshe vyombo vya kioo. Macho ya mzee yalipofifia akamfundisha kutazama katika mikroskopi.

Likizo ya mwaka ule Constant alikuwa amekwenda pwani ya Banana, akakokota wavu mwembamba juu ya maji nyuma ya mtumbwi, mchana na usiku. Kati ya chupa alizorudi nazo kwa meli ya mto na treni, mbili tu zilifika bila kuvuja. Ndani mlikuwa na kopepodi, viumbe wa bahari walio wadogo kuliko punje ya ulezi, wenye pembe ndefu mbili. Baadhi ya majike walibeba mayai kwenye vifuko. Constant alimweleza kwamba mchana hushuka gizani kuwakwepa samaki, na usiku hupanda juu kula. Alitaka kuwaonyesha wataalamu wenzake kuwa hata Banana ni hivyo.

Siku moja, akiongeza spiriti ya kuwahifadhi, Noémie alizitoa karatasi zilizolowa ndani ya chupa hizo, akazianika dirishani. Upepo ukaziangusha. Moja iliandikwa mchana, nyingine usiku. Hakukumbuka ipi ni ya chupa ipi. Akaogopa kufukuzwa, akazirudisha kwa kubahatisha.

Alipohesabu, chupa ya mchana ilijaa, ya usiku ilikuwa na wachache mno. Hapo akajua amekosea. Hata hivyo alimsomea Constant hesabu zile kama zilivyo.

Mzee alifuta lenzi, akahesabu mwenyewe kwa taabu. Kisha akasema pengine aliandika vibaya kule mtumbwini, kwa sababu ya homa. Kwamba kichwa chake hakifai tena kwa kazi hii.

Noémie hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda mapema, akamkuta uani anaosha chupa mwenyewe. Vilivyokuwamo alikwisha kuvimwaga.

"Bwana, minyi njo nilibadilisha makaratasi," akakiri.

Constant aliiweka chupa chini.

"Juu ya nini haukuniambia jana?"

Hakumfukuza. Alimpa kazi ya kufua na kupiga pasi, na mikroskopi ikafungwa katika sanduku lake. Mwaka uliofuata alirudi Ulaya bila kwenda Banana tena. Kalenga alimwambia mkewe asahau, wale walikuwa wadudu tu. Lakini Noémie alikuwa amewaona.