Gari la Nane

Barua ya shule ilikuwa fupi. Binti yako mmoja anapanda darasa la tatu. Mwingine hesabu zake haziridhishi; asipopata alama sita kati ya kumi katika mtihani wa marudio, atabaki darasa la pili. Mtihani ni baada ya wiki tatu. Tafadhali fika uonane na mwalimu wao.

Nina mapacha. Wa kwanza kuzaliwa tunamwita Mshale, kwa sababu ukimtuma anarudi kabla hujamaliza kusema. Wa pili alimfuata baada ya dakika kumi na moja, na mjomba wao akampachika jina la Kobe, likaganda. Tangu wazaliwe hawajalala vitanda tofauti wala kukaa madawati tofauti. Nilipowasomea barua, Kobe hakulia. Aliuliza tu, "Sasa Mshale atakaa na nani?"

Swali hilo lilinikata maini, lakini mimi si mtu wa kukaa na huzuni wakati kazi ipo. Nina stashahada ya famasia. Kwenye duka la dawa la hospitali nahesabu vidonge kutwa nzima, vitano vitano, kwa kisu bapa juu ya trei, na sikosei. Nikajiambia mtoto wangu mwenyewe atanishinda nini? Nilimkalisha mezani, nikamwandikia hesabu ishirini kwa siku, nikamfundisha kama nilivyofundishwa: isipotosha, kopa jirani. Siku ya nne alikuwa anakopa hata panapotosha. Siku ya tano nilipiga meza kwa kiganja, penseli ikaruka, naye akaingia chini ya meza kuiokota, akagoma kutoka.

Ndipo nikaenda kumwona mwalimu.

Watoto wanamwita Mwalimu Shanga. Ni mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi sikio moja, na sauti yake ni ya chini mpaka darasa zima linanyamaza ili limsikie. Nusu ya chumba ina madawati. Nusu nyingine haina kitu ila mikeka midogo sakafuni na rafu ndefu yenye trei.

"Karibu Mama Pacha. Vua viatu, ukae."

"Chini?"

"Chini ndiko tunakofanyia hesabu."

Nilikaa, na sketi yangu ya kazini ikalalamika. Kobe alikuja na trei, akaibeba kwa mikono miwili kama imejaa maji. Ndani mlikuwa na shanga za rangi ya dhahabu. Zilikuwepo mojamoja. Zilikuwepo kumi zilizotungwa kwenye waya, zimekuwa kijiti. Vijiti kumi vilikuwa vimefungwa pamoja vikawa kigae cha mia, na vigae kumi vikapangwa vikawa mchemraba wa elfu. Mwalimu alizitunga mwenyewe kwa koleo, likizo mbili mfululizo. Nilichukua ushanga mmoja, nikaona kama sijashika kitu. Nikainua mchemraba wa elfu. Mkono ulielewa kabla ya kichwa.

"Hamsini na mbili, toa thelathini na nane," mwalimu aliniambia. "Andika, kisha utueleze."

Nikaandika. "Mbili toa nane haiwezekani. Nakopa moja kwa tano, inakuwa kumi na mbili. Toa nane, nne. Nne toa tatu, moja. Kumi na nne."

"Vizuri. Umekopa moja?"

"Moja."

"Mbona imefika kumi?"

Niliitazama tena karatasi yangu. Miaka thelathini nimekopa ile moja bila mtu kuniuliza inakuwaje njiani.

"Mama hajui," Kobe alisema, si kwa kejeli, kwa mshangao mtupu.

"Muonyeshe."

Akaweka vijiti vitano na shanga mbili. Alipofika kwenye kutoa nane, alichukua kijiti kimoja, akatembea nacho hadi kwenye rafu, akakiweka, akarudi na shanga kumi za mojamoja alizozihesabu kwa sauti. Hakukopa kwa mtu. Alikuwa amechenji. Kitu ni kilekile, kimebadilika umbo tu. Akatoa nane zikabaki nne, akatoa vijiti vitatu kikabaki kimoja. Alikwenda polepole, hakukosea, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Mezani kwangu sikuwahi kumwona amekaa hivyo.

"Kwa hiyo anajua?" nilimuuliza mwalimu. "Sasa kwa nini anafeli?"

"Kwa sababu kwenye mtihani anakimbilia namba. Anaona mbili, anazijumlisha, anapumua. Hesabu za maelezo zimemtisha." Alichomoa kadi kwenye kisanduku. "Soma hii, binti."

Kobe akasoma. "Kwenye ngazi kuna vidato thelathini. Fundi amepanda kumi na saba. Bado vingapi afike juu?"

"Usihesabu. Nisimulie. Nani yuko wapi?"

"Fundi yuko kwenye ngazi."

"Anafanya nini?"

"Amechoka," Kobe alisema. "Amesimama katikati, anaangalia juu."

Nilishindwa kuvumilia. "Mwalimu, samahani. Huyu amekuja kuhesabu au kutunga hadithi?"

"Asiyemwona fundi atajuaje kama anapanda au anashuka?" alinijibu bila kuniangalia. "Haya binti, anaangalia nini huko juu?"

"Vidato ambavyo hajapanda." Kobe akainuka kufuata shanga bila kuambiwa.

Alipopata kumi na tatu, mwalimu hakumwambia amepata wala amekosa. Alisema neno moja tu: "Rudisha." Kobe akarudisha zile kumi na saba juu ya zile kumi na tatu, akaziona zimekuwa thelathini, akatabasamu. Nilikuja kugundua kuwa ndivyo ilivyo mle ndani. Mwalimu hasahihishi. Anasema "rudisha", na shanga zenyewe zinamwambia mtoto ukweli, na mtoto haoni aibu kwa sababu shanga hazina macho makali. Nimesoma chini ya walimu wengi, wengine wana shahada mbili. Hakuna aliyewahi kuniachia makosa yangu niyaone mwenyewe.

Nyumbani niliacha hesabu ishirini. Tulikusanya vifuniko vya chupa za dawa, tukafunga mirija kumi kumi kwa mpira, na kila jioni kabla ya kula Kobe alinipa mimi hesabu. Ndiyo, mimi. Mshale alipita akatucheka.

"Mama anafundishwa na Kobe! Leo dunia imepinduka."

"Wewe mshale usio na shabaha," nilimwambia, "njoo unieleze ukikopa moja inakuwaje kumi."

Alikuja kwa mbwembwe. Baada ya dakika mbili alikuwa amekaa nasi sakafuni, kimya, anahesabu vifuniko.

Mtihani ukafika. Alama zikaja siku mbili baadaye. Nilichukua karatasi kwa karani, nikaiona tarakimu nyekundu juu kabla sijavaa miwani. Tano.

Kobe alikuwa pembeni yangu kwenye korido. Nilipitisha macho haraka hadi swali la kumi, lenye mkasi mwekundu wa kosa. *Watoto 29 wanakwenda matembezi. Kila gari linabeba watoto 4. Yatahitajika magari mangapi?* Kobe ameandika: 8. Mwalimu mkuu ameandika kando: 7 baki 1.

"Saba baki moja!" nilisema, na sauti yangu ikajaza korido. "Saba nne ni ishirini na nane, imebaki moja. Hii si ngumu, Kobe! Umekosa darasa la tatu kwa kitu kama hiki?"

Aliniangalia kwa utulivu. "Mama, huyo mmoja nani atamwambia?"

"Nani?"

"Huyo aliyebaki. Nani atamwambia kwamba haendi?"

Nilisimama pale na karatasi mkononi, nikajiona mjinga wa kupimwa kwa mizani. Mgonjwa akihitaji dawa ya siku ishirini na tisa, na pakiti ni ya siku nne, nampa pakiti nane. Sijawahi kumpa saba nikamwambia "baki moja, kwaheri". Kazini nina akili. Kwenye karatasi ya shule nilikuwa nimeiacha mlangoni, sawasawa na mwalimu mkuu.

Nilibisha hodi ofisini kwake, nikaingia kabla hajajibu. Mwalimu Shanga alikuwa humo anasaini daftari la mahudhurio.

"Shikamoo," Kobe alisema.

"Marahaba. Mama Pacha, kama ni kuhusu alama, mwongozo wa majibu ni huu hapa." Mwalimu mkuu ni mtu mrefu, mkavu, kalamu nyekundu haimtoki mfukoni. "Saba baki moja."

Nilikuwa na maneno tayari, mengine si ya kusemwa mbele ya mtoto. Mwalimu Shanga akaniwahi. "Muulize yeye."

Mwalimu mkuu akashusha pumzi. "Haya. Nieleze nane zimetoka wapi."

Kobe aliangalia meza. Palikuwa na boksi la chaki na rundo la madaftari. "Naomba hizi," alisema. Akahesabu chaki ishirini na tisa. Akatandaza daftari moja, akapanga juu yake chaki nne. La pili, nne. Hakuharakisha. Simu ya mezani iliita mpaka ikanyamaza na hakuna aliyeipokea. Madaftari saba yalipojaa, chaki moja ilikuwa imelala mezani peke yake. Kobe akachukua daftari la nane, akaiweka juu yake.

"Gari zima kwa mtoto mmoja?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Hata wewe unaweza kupanda naye, Mwalimu Mkuu. Nafasi zipo tatu."

Mwalimu Shanga aliinamia daftari la mahudhurio, mabega yakatikisika. Mwalimu mkuu alizitazama zile chaki kwa muda. Akachomoa kalamu, akafuta mkasi, akaweka vema, na ile tano akaigeuza sita. Nilitaka kushangilia. Nilimshika Kobe bega ili tutoke haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Hakusogea. Alikuwa ameigeuza karatasi upande wake, kidole kiko kwenye swali la tisa.

"Mwalimu, hili umenipa vema."

"Ndiyo."

"Nimekosa."

Nilimbana bega. Lilikuwa bure.

Swali lilikuwa la mayai. Mkulima ameokota 403, yamevunjika 158, mazima ni mangapi. "Nimeandika mia mbili hamsini na nne," Kobe alisema. "Nikirudisha yale yaliyovunjika napata mia nne kumi na mbili. Yamezidi. Kuku hawakutaga hayo." Alifikiri kidogo. "Ni mia mbili arobaini na tano. Nimegeuza."

Mwalimu mkuu akasogeza karatasi karibu na pua. Jicho lake nalo lilikuwa limegeuza, lilisoma lilichotarajia. Akaweka mkasi. Ile sita ikarudi tano, na sasa juu ya karatasi palikuwa na wekundu kama kidonda.

Nilikuwa nimemleta mwanangu kudai alama, naye ameirudisha mbele ya macho yangu. Nilitaka kumchapa na kumkumbatia kwa mkono uleule.

"Mpe nyingine," Mwalimu Shanga alisema kwa sauti yake ya chini. "Karatasi tupu. Bila shanga, bila chaki."

"Hii ilikuwa marudio tayari."

"Mtihani wa marudio ni wako. Wewe ndiye unayeufunga."

Mwalimu mkuu alikaa. Akavuta karatasi, akaandika, akamsukumia. *Maktaba ina vitabu 612. Wanafunzi wameazima 347. Vimebaki vingapi?*

Kobe hakushika kalamu. Kwanza alifumba macho. Nilijua yuko maktaba, anaangalia rafu zenye mapengo. Kisha kidole chake kikaanza kutembea juu ya meza. Kikachukua kijiti kisichokuwepo, kikakipeleka pembeni, kikarudi na shanga kumi zisizokuwepo. Kikaenda tena, safari hii na kigae cha mia. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mwalimu Shanga alikifuata kile kidole kwa macho kama mtu anayemtazama mtoto akivuka barabara.

Kobe akaandika 265. Halafu, bila kuambiwa, chini yake akajumlisha 347, akapata 612, akapiga mstari.

"Nimerudisha," alisema.

Mwalimu mkuu aliifunika kalamu yake nyekundu, akatafuta ya bluu droo mbili nzima. "Miaka ishirini na tatu wazazi na watoto wanakuja hapa kudai alama," alisema. "Wa kunirudishia ni huyu wa kwanza. Mwalimu, huyu umemfanya nini?"

"Nimemwacha ahesabu," alijibu Mwalimu Shanga.

Kwenye fomu mwalimu mkuu aliandika *Anapanda*, akagonga mhuri. Nilimshika Mwalimu Shanga mkono kwa mikono yangu yote miwili. Nilitaka kusema jambo la maana, nikaishia kusema, "Mwalimu, siku ukihitaji vifuniko vya chupa, nina boksi zima." Akacheka, akasema atavichukua.

Mshale alikuwa anangoja nje ya mlango, ameng'ata kucha zote.

"Ngapi?"

"Tano," Kobe alimwambia. "Halafu sita. Halafu tano. Halafu sita."

"Hesabu gani hiyo inapanda na kushuka kama lifti? Umepanda au hujapanda?"

"Nimepanda."

Mshale alipiga ukelele, akatimua mbio kwenda darasa la tatu kushika dawati la dirishani kabla halijapata wenyewe. Kobe alimfuata kwa mwendo wake, na mimi nikatembea nyuma yake, wala sikumwambia aongeze hatua.