Marudiano ya Vidole Gumba

Msichana aliyesimama mlangoni mwa karakana hakuwa na kitambaa mkononi wala nguo ya kurekebisha. Cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Namtafuta anayeitwa Msumari."

"Yule pale. Angalia usimkanyage, atakutoboa," alidakia fundi wa suruali, na wenzake wakaangua kicheko.

Msumari, mwanamke wa makamo aliyening'iniza futi shingoni, hakucheka. Macho ya msichana yule aliyajua.

"Mimi ni binti wa Mzee Pindo," mgeni alisema. "Baba anakatwa mguu kesho asubuhi. Anakuita."

Kicheko kikakatika kama uzi mbovu.

Mafundi wale walikuwa na mchezo wao. Mguu unaokanyaga cherehani kutwa hupata nguvu za ajabu, basi wakati wa mapumziko waliketi sakafuni wawili wawili, pekupeku, nyayo zikitazamana, wakafungana vidole gumba vya mguu wa kulia. Anayeulaza mguu wa mwenzake ndiye mshindi, na aliyeshindwa humvisha mshindi kiatu. Wapita njia waliwaona wendawazimu.

Mzee Pindo alikuwa bingwa wao mpaka uvimbe ulipoota kwenye mfupa wa goti lake la kulia. Wenzake wakaanza kumwachia ashinde. Siku alipotambua, alikataa kuvishwa kiatu, akajikunyata kwenye kona akilia kwa hasira. Jioni ile alimwita Msumari, mwanafunzi wake tangu siku ya kwanza ya kushika sindano.

"Mwanangu, wote wakinihurumia nitakuwa nimezikwa kabla sijafa. Niahidi wewe. Hata nikiwa hoi, usiniachie."

Msumari aliahidi, asijue uzito wa alichokiahidi.

Njiani kuelekea hospitali binti yule alimshika mkono. "Anataka mcheze kwa mguu huo mara ya mwisho. Daktari amekubali, ilimradi goti lisiguswe. Mama, nakuomba, mwache ashinde. Wewe utapungukiwa nini?"

Msumari aliongeza mwendo.

Mzee alikuwa amebaki mifupa. Mguu wake ulilala juu ya shuka kama gogo la mtu mwingine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umechelewa? Au umeingiwa na woga?"

"Nilikuwa nanoa kidole, mzee."

"Kanoe kingine. Hicho nakivunja leo."

Msumari alivua kiatu, akapanda upande wa miguuni mwa kitanda. Vidole vikafungana. Cha mzee kilikuwa baridi. Alikisikia kikisukuma, kikitetemeka, kikisukuma tena, na nguvu zake zote hazikutosha hata kukanyagia cherehani pindo moja. Nyuma ya mto, binti alimtikisia kichwa, machozi yakimlengalenga.

Ingekuwa rahisi kulegeza. Lakini mzee hakuangalia miguu. Alimkazia macho usoni. Huyu ndiye aliyegundua mshono uliorukwa kwa kupapasa tu. Angedanganyika vipi?

Msumari akakaza. Mguu wa mzee ukainama polepole, ukalala. Mzee akatoa mguno mzito.

"Una roho ya jiwe wewe!" binti alipiga kelele. "Mtu anakatwa mguu kesho, na wewe unamshinda! Usikanyage tena hapa!" Akatoka nje. Kilio chake kikasikika kutoka ushorobani, kana kwamba yuko palepale.

Msumari alijiinamia, machozi yakimdondokea magotini.

Mzee alihema, akanyoosha mkono.

"Kiatu," alisema hatimaye.

"Baba, pumzika kwanza."

"Nimesema lete kiatu."

Alijiinua kwa kiwiko, uso ukikunjamana kwa maumivu. Akamvisha Msumari kiatu, ukanda ukamponyoka mara mbili. Akaushika tena, akaupitisha kwenye kifungo, akauvuta.

"Kinabana?"

"Hakibani, baba."