Profesa Aliyetajwa Mara Elfu Moja na Mia Nne

Manesi walimwita Mama Visigino, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa akichoma visigino vya watoto wachanga na kudondoshea damu yao kwenye kadi. Alikuwa mtafiti wa magonjwa ya kurithi, na siku hiyo saa nne alikuwa anakwenda mbele ya kamati ya kupandisha vyeo. Akikosa uprofesa, angestaafu baada ya miezi minne, na daftari lake la watoto wa kike elfu tatu anaowafuatilia lingekabidhiwa mkuu wake wa idara. Na huyo mkuu, ambaye wote walimwita Profesa, jamani, ndiye aliyewahi kuandika kwamba watoto wa kike hawana haja ya kupimwa.

Mdogo wake, nesi wa wodi ya wazazi, alipitia kunywa chai kabla ya zamu. Akaivuta karatasi iliyokuwa mezani.

"Dada, hii ndiyo rekodi yako? Watafiti wenzako wamekutaja mara mia mbili na kumi tu? Na Profesa?"

"Elfu moja na mia nne. Kwa makala moja."

"Ile ya wasichana?"

"Hiyo hiyo."

Mdogo wake akaweka kikombe chini. "Kwani hao wote wanamtaja kwa wema?"

Kwa miaka yote hiyo hakuna msomi aliyeuliza swali hilo, hata Mama Visigino mwenyewe. Alivaa viatu mbio mbio, akaenda ofisini, akaiwasha printa ichape kila sentensi iliyomtaja Profesa, na hadi saa nne ilikuwa bado inatema karatasi.

Makala yenyewe ilikuwa ya aibu. Profesa alichukua damu ya watoto sitini na wawili wa hospitali moja, akatangaza kwamba upungufu mmoja wa kurithi, unaofanya chembe za damu zivunjike mtoto akipewa dawa fulani, hauwapati wasichana. Kliniki zikaacha kuwapima. Mama Visigino akaja kuwapima maelfu, akawakuta nao, na wengine aliwafikia wameshazikwa. Ndipo alipotengeneza bango la ukurasa mmoja: pima wote, wa kike na wa kiume, kabla ya dawa. Bango hilo lilibandikwa kwenye kliniki mia nne. Lakini nesi akilisoma haandiki makala, anamwokoa mtoto na kumwita anayefuata. Kwa hiyo kwenye rekodi bango lilihesabiwa sifuri.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na kiyoyozi kinachovujia kwenye ndoo. Mwenyekiti, mtu wa hesabu, alimulika tarakimu ukutani. Profesa, naye mjumbe wa kamati, alikaa kulia kwake, tumbo mbele, akijitia hamnazo.

"Daktari," Mwenyekiti akasema, "mchango wako tunauona. Ila mkuu wako, kwa makala moja tu, ametajwa karibu mara saba zaidi yako. Tutakupandishaje?"

Mama Visigino alilibwaga mezani rundo la karatasi alizochapa hadi glasi zikacheza.

"Nimesoma walivyomtaja. Nisikilizeni. 'Kinyume na madai yasiyo na msingi ya...' Huyo hapo. 'Kosa hili lilianzia kwa...' Huyo hapo. 'Tunaonya kliniki zisifuate...' Huyo hapo tena! Nimepitia mia tatu asubuhi hii. Wanaomsifu ni kumi na moja, na wanne kati yao ni yeye mwenyewe."

Mjumbe mmoja aliangua kicheko, akakimeza.

"Dada yangu, usipandishe hasira," Profesa akasema kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Kama hukubaliani nami, andika makala unipinge."

"Nimeandika saba! Kila moja imekuongezea hesabu wewe!"

Mwenyekiti alipangusa miwani. "Mfumo unahesabu, Daktari. Hauulizi umetajwa kwa nini. Kamati imefungwa na mfumo."

Wakapiga kura papo hapo. Mikono miwili ilimkubali, minne ikamkataa, na mmoja wa hiyo minne ulikuwa wa Profesa.

Karani, mwanamke aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, akainua kichwa.

"Samahani, Mwenyekiti. Binti yangu alizaliwa mwaka juzi. Nesi alikuwa ameshika dawa mkononi, akaangalia bango ukutani, akairudisha. Walipompima walimkuta nao, huo upungufu. Hilo niliandike wapi?"

"Fomu haina nafasi ya hilo," Mwenyekiti akasema. "Endelea na ajenda. Makabidhiano ya daftari."

Mama Visigino alisimama. Rundo la karatasi akalisukuma hadi mbele ya Profesa.

"Makaratasi haya mkabidhini yeye, ni ya kwake yote." Kisha akalikumbatia daftari kifuani. "Hili silitoi. Mkilitaka, njooni wodi ya wazazi saa mbili asubuhi, mlichukue mbele ya mama za hawa watoto."